Wewe Pita, Mtoto Arudi

Kambini, Kasulu
2 Februari 1999

Shangazi Mwanvua,

Shikamoo. Naipiga kwa nguvu ili ikutangulie yenyewe, maana barua nimempa Selestini wa gari la dagaa, na Selestini unamjua, akifika Mwandiga lazima ashuke ale nyama kwanza. Sisi huku tuko salama. Mvua imetoboa turubai upande wa jikoni, Khalfani ameziba kwa gunia. Hajambo mkweo. Bado anatia pilipili kwenye kila kitu, hata uji. Kofia uliyomshonea anaivaa mpaka watu wanamdhania shehe, wanamletea kesi za ndoa zao, naye anazihukumu.

Sasa jambo lenyewe. Nimejifungua, Shangazi. Ni siku ya pili baada ya Idd. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya mwadhini. Nywele tele, nyeusi, mpaka mkunga wetu Melania akaniuliza nimezaa mtoto au nimezaa kofia. Sikukuandikia kwamba nina mimba kwa sababu ile ya mwanzo nilikuandikia mapema na unajua ilivyokwisha. Usinikasirikie.

Jina hana. Sijasahau desturi ya nyumba yetu. Marehemu Baba alinisimulia mara nyingi: hata sisi tuliozaliwa ng'ambo ya ziwa, Buyenzi kwa Warundi, siku arobaini zikitimia tulivushwa ziwa tukaletwa Ujiji. Tukanyolewa, mkubwa wa nyumba akapokea zile nywele za kwanza mikononi, ndipo akatamka jina, kisha akazitupa ziwani. Kabla yake halitamki mtu. Mkubwa wa nyumba leo ni wewe, kwa hiyo huyu tunamwita Mgeni mpaka afike kwako.

Nimekwenda ofisi ya vibali kuomba ruhusa ya kutoka kambini. Karani akauliza sababu. Nikasema arobaini ya mtoto. Akasema sababu anazozijua yeye ni ugonjwa, mahakama na msiba. Nikamwambia basi andika ugonjwa, nina ugonjwa wa kumtaka shangazi yangu. Hakucheka, ila ameandika. Nisubiri.

Mwanao,
Yusra


Ujiji
14 Februari 1999

Yusra mwanangu,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya akiba. Nilipoisikia habari yako nilipiga vigelegele peke yangu uani mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani anaolewa hapa. Nikamwambia ni mimi. Akarudi kwake anatikisa kichwa.

Huku hatujambo. Migebuka ya ziwani imekuwa ghali, mawese yapo. Kofia sishoni sana siku hizi, sindano wanazoleta madukani zina matundu madogo, uzi haupiti hata ukiulamba. Na usicheke mistari yangu inavyopanda na kushuka. Mafuta ya taa wanayachanganya na maji, taa inawaka kama inaumwa.

Umefanya vizuri kumwacha mtoto bila jina. Asitajwe jina lolote, hata la mzaha, zaidi ya hilo la Mgeni. Mimi nimekwishalitafuta na ninalo. Nitalitamka nikiwa nimemtazama usoni, maana jina halivalishwi mtu usiyemwona. Nataka nimwone, Yusra. Nataka nimwone mwaka huu huu. Usiniulize haraka ya nini.

Kaka yangu alivuka ziwa kwenda kuoa Buyenzi kwa nauli na salamu tu. Harusi yake tulikwenda watu wazima na watoto, tumebeba mchele, hakuna aliyetuuliza mna karatasi gani. Leo binti yake yuko Kasulu hapo, naambiwa hana ruhusa ya kuja kuniona. Haya, mimi nimezeeka, labda dunia imekuwa na hekima zaidi bila mimi kuambiwa.

Nimetoa lile sanduku nikazianika kanga. Njoo.

Shangazi yako,
Mwanvua


Kambini
8 Machi 1999

Shangazi,

Shikamoo. Najua ulipika. Najua ulivaa ukakaa barazani. Nisamehe kwanza, halafu usome.

Kibali nilipewa. Kina mhuri, kina jina langu, kina siku ya kutoka na siku ya kurudi. Tukapanda gari la Selestini, Mgeni mgongoni. Kufika kwenye kizuizi cha barabarani tukateremshwa wote. Askari aliyepokea kibali changu anaitwa Gervasi, Mha wa huku huku, kijana wa adabu, alinisalimia vizuri. Akasoma. Akaniambia geuka. Nikageuka.

"Huyu mgongoni nani?"

"Mwanangu."

"Hayumo."

"Ananyonya, afande."

"Anyonye, lakini hayumo humu. Kibali cha mtu mmoja, ninyi mko wawili." Akafikiri, uso ukamng'aa kidogo kama mtu aliyepata njia ya kumsaidia mwenzake. "Basi fanya hivi, mama. Wewe pita, mtoto arudi. Mpe mtu amrudishe kambini."

Nilichukua kibali changu nikarudi kwa miguu. Wenzangu wa garini wakaniita mjinga, wanasema ningembembeleza, wapo wanaobembeleza wakapita. Sikuweza, Shangazi. Usiniulize kwa nini, nitakuambia siku nyingine.

Kesho yake nikamwendea karani. Asiye kwenye kadi ya mgao haingii kwenye kibali, kwa hiyo nikaomba amwongeze mtoto kwenye kadi. Akashika kalamu. Jina? Nikasema hana bado, shangazi yangu wa Ujiji ndiye atakayempa. Akasema basi mlete huyo shangazi. Nikasema yeye naye kuingia kambini anahitaji kibali. Akaweka kalamu chini akaita mwingine.

Nywele tulimnyoa siku ya arobaini, hapa hapa chini ya turubai. Khalfani alizikunja kwenye kitambaa cheupe. Amekasirika sana. Anasema kama karatasi haipiti, zipo njia zisizosoma. Namwambia atulie.

Yusra


Ujiji
22 Machi 1999

Mwanangu,

Marahaba. Nilipika, ndiyo, na chakula hakikuharibika, watoto wa mtaa wamekimaliza. Nililia kidogo halafu nikaacha, maana kulia kunayatonesha macho yangu.

Hapa kuna redio moja ya jirani, mchana inasikika mpaka kwangu. Juzi walikuwa wanaeleza habari za Wapalestina na vibali vyao. Mama mmoja alikuwa anampeleka mtoto hospitali ya mji wa pili, kufika kwenye kizuizi cha wanajeshi, mtoto ana kibali, mama hana. Mtoto apite, mama abaki. Nikasema lahaula, kwenu mama apite mtoto abaki, kwao mtoto apite mama abaki. Wanaandikiana hawa? Nilikaa namfikiria yule mama kutwa nzima. Simjui hata jina, lakini kama angebisha hodi hapa ningemkaribisha kama wewe.

Sasa sikiliza, na ninaandika hili kwa shida. Mpe mtoto jina la karani. Jina lolote, la karatasi tu. Akishaingia kwenye kadi utapata kibali cha wawili, mtakuja, nami nitampa jina lake. Mizimu ya nyumba yetu, kama inasoma barua, itaelewa. Nilikukataza, leo nakuruhusu.

Mwambie Khalfani asifanye ushujaa. Mkwe shujaa simtaki, namtaka aliye hai.

Mwanvua


Kambini
30 Aprili 1999

Shangazi,

Shikamoo. Habari za huku ni nzuri. Mahindi ya mgao safari hii hayana wadudu. Mgeni amekuwa mzito, anacheka na kila mtu, hata na karani. Khalfani hajambo, anakusalimu.

Nimechelewa kuandika kwa sababu vibali vimesitishwa. Wanasema ni usalama wa mpakani, hakuna anayetoka mpaka watangaze. Kwa hiyo hata la jina la karani limeahirika, na kwa kweli sikulitaka. Jina la kwanza linaganda, Shangazi. Nikimwita hilo la karatasi mwezi mmoja, lako litakuwa la pili. Mwanangu ana vitu vichache sana vya kwake katika dunia hii, hiki sikipunguzi. Niite mkaidi. Baba alikuwa akisema ukaidi nimeurithi Ujiji.

Nywele zimehifadhiwa mahali pazuri.

Huku tuko salama kabisa. Khalfani hajambo.

Yusra


Ujiji
5 Juni 1999

Yusra mwanangu,

Marahaba. Umeniandikia mara mbili katika karatasi moja kwamba Khalfani hajambo. Nimefurahi kwamba hajambo kiasi hicho.

Huku mambo ni yale yale. Kofia nimeacha kushona kabisa, wacha wenye macho ya sindano za kisasa washone. Siku hizi Ijumaa napika wali na dagaa wa kukaanga, naupeleka mjini kwa mgonjwa mmoja. Si ndugu wa mbali, si wa karibu sana, ni mgonjwa tu. Amekonda kidogo lakini anakula vizuri, ananifokea kwamba pilipili yangu haiwashi. Leodgar, yule askari magereza jirani yetu wa Katubuka, hunishika mkono kuvuka barabara, si kwamba sioni, ni kwamba pikipiki zimezidi.

La jina nimekuelewa. Una ukaidi wa babu yako, aliyekataa kuhama nyumba ikiwa inavuja mpaka ikamwangukia jirani. Sitakulazimisha. Ila ukaidi wako una kitu nyuma yake, Yusra. Siku ile kwenye kizuizi ungeweza kubembeleza, na kubembeleza unajua, mimi ndiye niliyekufundisha. Uligeuka upesi mno. Nimeisoma ile barua yako mpaka imechanika kwenye mkunjo.

Miaka mitatu nakuuliza habari za wifi yangu, mama yako, unanijibu neno moja, "alibaki". Sikusukumi. Nakaa tu hapa.

Mwanvua


Kambini
18 Julai 1999

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za mahindi.

Nimekudanganya. Khalfani hayupo. Tangu mwezi wa tatu, siku chache baada ya mimi kurudishwa, alichukua kile kitambaa chenye nywele akaondoka kwa miguu kukuletea. Alikwepa barabara, akapita milimani kwenye mashamba ya kahawa ya Kalinzi, akashuka Mwandiga, na hapo ndipo alipokamatwa. Mkimbizi nje ya kambi, bila kibali. Selestini ndiye aliyeniletea habari kwamba yuko mahabusu Kigoma na kesi inaahirishwa kila inapotajwa. Nywele sijui ziko wapi. Sikukuambia kwa sababu alikuwa anakuja kwako, na ungejitwika wewe lawama. Naona aibu kwa kila "hajambo" niliyoiandika.

Na la pili. Uliniambia umekaa, basi kaa vizuri.

Mwaka ule wa tisini na sita tulitoka Buyenzi mimi na Mama, tukashika barabara ya Rumonge. Wanajeshi walikuwa wameweka kizuizi, unaonyesha kitambulisho na karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Zetu zote mbili tulikuwa nazo. Ya Mama ilikuwa imekwisha muda jana yake, hatukuangalia, tulikuwa tunafunga mizigo. Yule askari hakuwa mkali. Alisoma majina tu. "Yusra, pita. Ikram, rudi." Mama akanisukuma mgongoni, akasema tangulia, kesho nitakuja na karatasi mpya. Nikapita, Shangazi. Sikugeuka hata kumwangalia, niliogopa nikigeuka na mimi wataniita. Kesho yake mapigano yakafunga njia, na tangu hapo sijui nimwombee kama mzima au kama marehemu.

Sasa unajua kwa nini Gervasi aliponiambia wewe pita, mtoto arudi, sikuwa na la kubembeleza.

Nakuomba usinijibu kwa maneno ya kunifariji. Nisimulie vitu vya hapo nyumbani.

Yusra


Ujiji
2 Agosti 1999

Mwanangu,

Marahaba. Vitu vya hapa nyumbani ndivyo hivi.

Kuku mweusi ametotoa. Paa la choo limeezuliwa na upepo. Na yule mgonjwa wangu wa kila Ijumaa ni mume wako.

Nilijua tangu Aprili. Leodgar alikuja jioni moja akaniambia, "Bi Mwanvua, kule kwetu kuna Mrundi anasema wewe ni mkwewe. Sikumwamini, lakini anasema mkewe amemwambia wali wako hauna pilipili, nikaona huyu anakujua." Nikaenda. Akaniomba nisikuambie kwamba amekonda. Wewe hukutaka nijue kwamba amefungwa. Nikawa katikati, nawatunzia siri ninyi wawili, kila mmoja ya mwenzake, na mbele yenu wote najifanya mjinga. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hii.

Nywele ninazo. Siku aliyokamatwa walimvua saa, mkanda, viatu na betri za tochi. Walipofungua kile kitambaa wakakuta nywele, wakaruka nyuma wote. Wakamuuliza ni dawa ya nani. Akawaambia ni nywele za mwanawe zinakwenda kwa bibi yake. Ndipo wakaogopa zaidi! Hakuna aliyetaka kukigusa, hata kukiandika kwenye vitu vyake hawakutaka. Wakamwambia, kamata uchawi wako mwenyewe. Mmoja akamfuata baadaye faraghani kumwuliza kama dawa hiyo inasaidia kupandishwa cheo. Hivyo ndivyo zilivyoingia mahabusu na kutoka, zikafika mikononi mwangu. Ni laini, Yusra. Nimezijua kwa vidole. Ziko kabatini pamoja na udi.

La wifi yangu sitakufariji, kama ulivyosema. Nitasema moja tu halafu nanyamaza. Aliyekusukuma mgongoni alijua anachofanya. Mama hamsukumi mwanawe mbele kwa bahati mbaya.

Nakupenda. Hilo sijawahi kuliandika, nadhani nililiacha ulione mwenyewe, sasa nimeliandika.

Mwanvua


Ujiji
11 Oktoba 1999

Yusra mwanangu,

Hati hii unaijua, si yangu. Anayeandika ni Khalfani, nami nasema. Leo hakimu amemwachia, amesema muda aliokaa ndani unatosha kuwa adhabu. Anarudishwa kambini. Askari anayemrudisha yuko barazani anakula ugali na migebuka, nimemwekea mkubwa wenye miiba mingi ili achelewe.

Kwanza nikuambie la sindano na la mafuta ya taa. Si sindano, si taa. Ni mimi. Daktari alisema tangu mwaka jana. Mwaka huu wote nilikuwa nashindana na macho, nikitaka nimwone mtoto kabla hayajanizimia. Ndiyo haraka uliyokatazwa kuiuliza. Kwa sasa naona mwanga na vivuli. Khalfani nimemwona kama mti uliovaa kofia. (Mke wangu, amesema niandike hivyo hivyo, mimi simo.)

Nililishikilia jina kwa sababu nilitaka uso. Nywele ninazo miezi yote hii, desturi ilikuwa imetimia upande wangu, ni mimi niliyekuwa nadai zaidi. Mtoto anakaribia kutembea hana jina, hana kadi, kwa ajili ya macho ya bibi yake. Basi imetosha. Leo natoa jina.

Lakini siliandiki. Barua hii itafunguliwa kwenye kizuizi, itasomwa na watu wasiohusika kabla yako, na jina la mtoto wetu halisomwi na mtu kabla ya mama yake. Nimempa Khalfani mdomoni. Nimemtamkia sikioni kama ningemtamkia mtoto, naye amerudia. (Nimerudia, Yusra.) Wamkague mpaka soli za viatu, hawatalipata. Akifika, wewe umpokonye, umtamkie mtoto sikio la kulia, kisha nenda kwa karani ukamwambie aandike herufi kubwa.

Askari anaosha mikono. Ninyi mnatosha kwa macho yangu. Nendeni mkakae pamoja.

Mwanvua

(Ni kweli pilipili yake haiwashi. Nimekonda kidogo tu. K.)


Mwandiga
17 Desemba 1999

Selestini, msomee Shangazi polepole, na usiruke mahali hata ukiona haya.

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa juu ya gunia kando ya barabara. Gari limekufa hapa Mwandiga, fundi yuko chini yake anasema ni kitu kidogo, nawe unajua vitu vidogo vya mafundi. Selestini amepata lifti ya pikipiki, anatangulia na barua hii ili usifuturu ukiwa na wasiwasi. Ndiyo, niko Mwandiga. Vibali vimefunguliwa tena wiki iliyopita. Safari hii karani aliandika ugonjwa, na ulikuwa ugonjwa kweli, macho yako. Siku tatu.

Khalfani amebaki kambini, nafasi ilikuwa ya wawili. Hajambo. Safari hii hajambo kweli.

Ningeweza kungoja nikusimulie mdomoni, lakini najijua, sitafika mwisho. Asubuhi tulifika kwenye kizuizi. Tukateremshwa. Alikuwa Gervasi yule yule, amenenepa. Nilimpa kibali, Mgeni mgongoni anamchezea mtu wa nyuma kofia. Naendelea kumwita Mgeni nikiwa peke yangu, mazoea, nitaacha. Gervasi akanitazama kwa muda, akanikumbuka. Akakinyanyua kibali juani akasoma kwa sauti, kama anavyowasomea wote.

"Yusra binti Abdulkarimu."

Nikasema ndiyo.

"Ikram binti Khalfani."

Shangazi, Khalfani aliponitamkia lile jina nililia, nikadhani nimemaliza. Sikumaliza. Kulisikia likisomwa na mtu mwenye bunduki, barabarani, karatasi mkononi, kulinirudisha miaka mitatu nyuma. Nilikuwa tena barabara ya Rumonge. Nilisimama pale nangojea lile neno linalofuata, maana mimi nalijua linalofuata. Nikapeleka mkono nyuma nikamshika mtoto mguu. Wewe ulijua, ndiyo maana ukatoa jina la Mama hata baada ya barua yangu ya Rumonge. Ulijua lazima siku moja lisomwe tena kizuizini.

Gervasi akamwangalia mtoto, akaiangalia na karatasi, akaunyanyua ule mti wa kizuizi.

"Yusra, pita," akasema. "Ikram, pita."

Nikapita, na mara hii niligeuka nikaangalia nyuma. Hakukuwa na mtu aliyebaki.

Fundi anasema tayari. Zitoe nywele kabatini, twende ziwani kwanza, wali ungoje. Uso wa mtoto utaujua kwa vidole, ni ule ule wa wifi yako, hata kishimo cha kidevuni kipo. Tunakuja wawili.

Mwanao,
Yusra